Kutega na Kuvizia

Mama alinipigia simu Jumapili moja nikiwa nimekaa kwenye ngazi za bweni la kambi ya jeshi la Marekani, nang'oa kupe waliong'ang'ania soksi. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za wagonjwa wote wa ukoo, akauliza swali nililokuwa nikilikwepa kwa wiki mbili.

"Kwani huko wanakufundisha kazi gani hasa, mwanangu?"

Nikasema uhandisi. Akafurahi. Wa kujenga madaraja? Nikasema madaraja pia yamo. Halafu, kwa kuwa sijawahi kumdanganya mama kwa zaidi ya dakika moja, nikaongeza kwamba yamo pia mabomu ya kutegwa ardhini, ila haya ya kwetu ni mapya, yanaongozwa kwa mbali, mtu anakaa na kompyuta yake pembeni.

"Yanaitwaje?"

"Spider. Yaani buibui."

"Buibui la kuvaa?"

"Mdudu, mama."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari: "Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo." Akahamia kwenye habari za paa linalovuja.

Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, na siku zote ilimhusu jirani aliyekamatwa kwa kosa la wenzake. Siku ile ndipo niliposikia kwamba ndani yake kuna mtego wa kweli, wa mti na kamba, na kwamba aliyeutega hayupo.

Kwa kweli Kiswahili kilishaamua jambo hili kabla ya wanasheria. Anayetega huondoka. Anachimba, anafukia, anatandaza majani juu, anakwenda kulala. Asubuhi ndipo atajua kilichonasa. Anayevizia hubaki. Anaumwa na mbu, anabanwa na haja ndogo, anamwona anayekuja, na akiachia mshale anajua amemwachia nani. Mimi nilitumia miezi kadhaa nikijifunza mtambo ambao kazi yake yote ni kumgeuza mtegaji awe mviziaji. Mtambo ulikuwa tayari. Sisi ndio hatukuwa tayari.

Kozi ya msingi niliifanya Fort Leonard Wood, jimbo la Missouri, kambi iliyozungukwa na misitu ya Ozark kiasi kwamba askari wanatania kuwa ukipelekwa huko umepotezwa porini. Ndiko iliko shule ya wahandisi wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Wahandisi wa medani kazi yetu ni mbili: kufungua njia pale adui alipoziba, na kuziba pale anapotaka kupita. Kilichonishangaza ni kwamba kambi hiyohiyo ilikuwa na kituo, kilichoanzishwa mwaka 1996, kilichofundisha uteguzi wa mabomu kwa ajili ya usalama wa raia. Kutega jengo hili, kutegua jengo lile. Tofauti ni silabi moja.

Kila tulichoshika wiki za mwanzo kilikuwa cha buluu. Kwa jeshi lile, buluu maana yake ni cha mazoezi, hakina kitu ndani. Unaizoea rangi hiyo mpaka siku unapokabidhiwa cha kijani, vidole vyenyewe vinapunguza mwendo.

Tulianza na Claymore, bomu kizee la tangu vita vya Vietnam. Ni kama kitabu kilichopinda, kimesimama juu ya vijiti, na mbele yake yameandikwa kwa herufi zilizoinuka maneno ya kukuagiza uuelekeze upande huo kwa adui. Makuruta wote hucheka wakiyasoma mara ya kwanza. Sajini hakucheka. Alisema maneno yale yaliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye hajalala siku tatu, na kwamba mtu huyo ni sisi, tusubiri tu.

Jambo la Claymore lililonikaa kichwani ni hili. Ukiiunganisha na waya mrefu, ukalala shimoni na kifyatulio mkononi, ni silaha ya kuamriwa na mtu. Ukiifunga kwenye uzi wa kutega ukaenda zako, imekuwa kitu kingine kabisa mbele ya sheria, ingawa chuma ni kilekile na maandishi ni yaleyale. Mkataba wa Ottawa, uliotiwa saini Desemba 1997 na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 1999, unalitambua bomu la ardhini la kudhuru watu kwa kigezo kimoja: limetengenezwa lilipuke kwa kuwepo, kukaribia au kugusa kwa mtu. Yaani anayelipukiwa ndiye anayelilipua. Likilipuliwa na mtu mwingine aliyeamua, haliingii kwenye maana hiyo. Marekani haimo kwenye mkataba, lakini mwaka 2004 serikali yake ilitangaza kwamba baada ya mwaka 2010 haitatumia tena mabomu yasiyojizima yenyewe. Kwa hiyo ilibidi kitafutwe cha kuziba pengo, na Spider ikawa jibu mojawapo.

Nitaieleza juujuu tu, na yote haya yamo kwenye taarifa za wazi. Ni vyombo vinavyotawanywa ardhini, kila kimoja kikiwa na mirija sita ya kurushia guruneti ndogo, imeelekea pande zote. Ukikitazama unaelewa jina lilipotoka. Kuna nyuzi zinazorushwa kwenye nyasi. Mtu akizigusa, hakuna kinacholipuka. Taarifa inakwenda kwa redio hadi kwenye kompyuta ya mtu aliyekaa mbali, naye ndiye anayeamua. Akiamua hapana, basi ni hapana. Jeshi letu likitaka kupita hapo, anavizima. Kazi ikiisha, vinaokotwa na kutumika tena.

Kuna kisa kuhusu mtambo huu ambacho wakufunzi hawakukisimulia. Nilikisoma baadaye mwenyewe. Mwanzoni ulibuniwa ukiwa na njia ya kumruka binadamu. Kamanda angeweza kuugeuza, nyuzi zikawa za kutega kama zamani, na mtambo ukajiamulia. Wapinzani wa mabomu ya ardhini wakapiga kelele: hili ni bomu lilelile, limevalishwa kompyuta. Jeshi likaishia kukiondoa kipengele hicho. Nilipokisoma nilifikiri, ah, basi jambo limekwisha, mashine haiwezi tena kujiamulia. Lakini wakati huo nilikuwa nimeshakaa zamu, na nilijua kwamba kuna njia nyingine ya kumruka binadamu ambayo haihitaji swichi yoyote.

Mazoezi yenyewe yalifanyika kambi nyingine, ya siku kumi, nikiwa tayari kikosini. Siku tatu za mwanzo zilikuwa za darasani na wakufunzi wa kiraia, na sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa betri. Hakuna anayekuambia, unapojiunga na jeshi la kisasa, kwamba utakuwa mchukuzi wa betri. Unazibeba, unazichaji, unazihesabu, unazibeba tena. Wenzangu walidhani teknolojia itatupunguzia mzigo. Mgongo wangu una maoni tofauti.

Usiku wa tano nilikuwa zamu na kijana mmoja wa Texas, chini ya wavu wa kujifichia, kompyuta imepunguzwa mwanga. Kilimani walikuwako waangalizi wenye darubini za usiku. Kazi yao ilikuwa kutuambia kilichozigusa nyuzi. Kazi yetu kubonyeza au kutobonyeza. Saa nane na nusu usiku ukungu ukashuka. Saa tisa kasorobo, chombo namba tatu kikaita.

Nikawauliza waangalizi. Wakajibu kwamba wanaona weupe tu, kama maziwa. Namba tatu ikaita tena, safari hii nyuzi mbili. Tulikuwa tumeambiwa jioni kwamba "adui" anatazamiwa upande ule ule, kati ya saa nane na saa kumi. Doria yetu ilipaswa kurudi alfajiri, kwa upande wa magharibi kabisa. Nikampigia mkuu wa zamu. Akasema kanuni ninazo, nizifuate. Kanuni zilisema nitambue kwanza. Lakini kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake: muda ndio, upande ndio, nyuzi mbili kwa mpigo. Kijana wa Texas alinitazama bila kusema kitu. Nikabonyeza.

Walikuwa wetu wawili.

Msimamizi wa mazoezi akaenda kuwavika kadi shingoni, kila kadi imeandikwa majeraha yaliyowapata. Asubuhi mmoja wao alinikuta kwenye foleni ya chai. "Nipishe," akasema, "wafu hawapangi foleni." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na uji wa shayiri ukanikwama kooni hadi saa nne.

Kikao cha tathmini kilichukua saa mbili. Ilibainika kwamba kijito kilikuwa kimejaa, doria ikabadili njia, ikatoa taarifa kwa redio, taarifa ikaandikwa kwenye daftari fulani ndani ya hema fulani, na haikutufikia. Kila mtu alikuwa na kipande chake cha kosa, na mnajua kosa likigawanywa vizuri linavyokuwa jepesi. Nilianza kupumua. Ndipo sajini wetu, mtu mzima aliyekuwa kimya muda wote, akanigeukia.

"Ulimwona nani?"

Nikaanza kueleza habari ya muda na upande.

"Sijakuuliza kama uliruhusiwa. Nimeuliza ulimwona nani."

"Namba tatu, Sajini."

"Namba tatu si mtu."

Hakuongeza neno. Nimelitafakari jibu hilo zaidi ya mafunzo mengine yote niliyopewa na jeshi lile. Maana kompyuta ilikuwa imeniambia kitu kimoja tu: uzi umeguswa. Hilo hata bomu la kizamani lililofukiwa ardhini lilikuwa likilijua. Kama mimi nabonyeza kwa sababu uzi umeguswa, basi sijaongeza chochote. Nimekuwa kiwashio cha bomu, cha gharama kubwa, chenye kula na kulala. Binadamu ameshawekwa katikati, na bado amerukwa. Amejiruka mwenyewe.

Usidhani haya yameanza na kompyuta. Tarehe 6 Mei 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, meli ya Kaskazini iitwayo Commodore Jones ilipasuliwa kwenye Mto James, Virginia. Bomu lilikuwa chini ya maji, waya umekwenda hadi ukingoni, na ukingoni walikuwako watu wa Kusini na betri, wakisubiri meli ifike juu yake. Wale walikuwa waviziaji kwelikweli: waliiona meli kwa macho yao. Na kwa kuwa walikuwa karibu kiasi hicho, wawili walikamatwa papo hapo. Mmoja akawekwa mbele kabisa ya meli iliyotangulia, juu ya omo, meli zikaendelea na safari. Akaeleza yalipokuwa mabomu mengine bila kuchelewa. Napenda kukikumbuka kisa hicho kila ninaposikia mtu akisifu vita vya kwa mbali. Umbali wa waya ule ulikuwa umbali wa kuwajibika.

Miaka 77 baadaye mambo yalikuwa yamebadilika. Wasovieti walipouhama mji wa Kharkiv, Ukraine, mwaka 1941 katika Vita vya Pili vya Dunia, mtaalamu wao wa milipuko, Ilya Starinov, aliacha mabomu ya kulipuliwa kwa redio ndani ya majengo. Katika nyumba moja nzuri aliacha mawili: moja kwenye makaa ya mawe, limefichwa vibaya makusudi ili Wajerumani walione na kulitoa, na la pili chini zaidi. Wajerumani wakalitoa la kwanza, wakaridhika, na Jenerali Georg Braun akahamia humo. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Novemba ishara ya redio ilitumwa kutoka Voronezh, mamia ya kilomita kaskazini-mashariki, na nyumba ikaondoka. Wajerumani wakalipiza kisasi kwa kuwanyonga raia wa mji. Kwa ufundi ni kazi ya kuvuliwa kofia. Ila mtumaji hakuona kitu. Hata waliokuwamo ndani usiku ule aliwajua kwa kukisia. Je, alitega au alivizia? Nimebishana na rafiki zangu juu ya hilo mpaka kahawa ikapoa, na kila mara nabadili upande.

(Wajerumani nao walikuwa na chao, Goliath, kigari kidogo cha minyororo kilichojazwa baruti na kuongozwa kwa waya. Mjini Warsaw mwaka 1944 wapiganaji wa Kipolandi waligundua kwamba dawa yake ni kuukata waya. Mambo mengine hayahitaji shahada.)

Baada ya kikao kile sajini alibadilisha mazoezi. Usiku tatu mfululizo alitembea porini peke yake akizigusa nyuzi. Mara kwa fimbo, mara kwa kutupa jiwe, mara kwa kujiburuza kabisa kama adui. Alikuwa akihesabu tusipobonyeza. Kubonyeza kulikuwa rahisi, nusu sekunde. Kutobonyeza kulichukua usiku mzima. Ukikaa saa nne mbele ya taa ndogo inayokuita na kukuita, mkono unaanza kuona kwamba kufanya jambo ni heshima kuliko kutofanya. Nilianza kuuweka mkono wa kulia chini ya paja langu, niukalie. Kijana wa Texas akaniiga. Sajini alipotukuta tumekaa hivyo hakusema kitu, na kwa tabia yake hiyo ilikuwa pongezi.

Kisha ikaja kazi ya kuokota. Hii ndiyo sehemu ambayo hakuna anayeipigia picha. Kila chombo kina namba, kila namba ina mahali pake kwenye ramani, na kila mahali pameandikwa kwenye fomu. Jeshi la Marekani lina fomu maalumu ya kumbukumbu ya uwanja wa mabomu, nambari 1355, na nimeijaza mara nyingi kuliko nilivyowahi kumwandikia barua mtu yeyote. Siku ya mwisho tulihesabu tukakuta kimepungua kimoja. Cha buluu, hakina kitu ndani, hakiwezi kumdhuru hata sisimizi. Kombania nzima ikapangwa mstari, bega kwa bega, ikapita nyasi zote kwa miguu, ikarudi, ikapita tena. Hakuna aliyeruhusiwa kuoga wala kulala. Kilipatikana saa nne usiku ndani ya lori, chini ya wavu, mahali nilipokiweka mimi mwenyewe. Nimeliandika hilo hapa kwa sababu walionifahamu wangeliandika kwenye maoni.

Wakati ule nilinung'unika. Leo najua walikuwa wakitufundisha kitu ambacho majeshi yamekilipia kwa damu. Mwaka 1967, katika mkoa wa Phuoc Tuy nchini Vietnam, Waaustralia walijenga ukanda wa kilomita 11 kutoka Dat Do kuelekea baharini, wakafukia humo mabomu zaidi ya 20,000. Ulitakiwa ulindwe mchana na usiku, haukulindwa. Wapiganaji wa upande wa pili waliingia, wakajifunza kuyatoa, wakayabeba, wakayafukia upya kwenye njia wanazopita Waaustralia. Jeshi likawa linauawa na mali yake lenyewe. Kila mhandisi wa medani hufundishwa kwamba kizuizi kisichotazamwa na mtu si kizuizi, na Dat Do ni mahali ambapo sentensi hiyo ina makaburi.

Nimeshaondoka jeshini. Nafuatilia tu kwa mbali, kama mtu aliyeacha sigara anavyofuatilia bei yake. Marekani ilibana sera yake ya mabomu ya kudhuru watu mwaka 2014, ikailegeza 2020, ikaibana tena 2022 isipokuwa kwa rasi ya Korea, kisha Novemba 2024 ikakubali kuipa Ukraine mabomu ya aina hiyo, ya kujizima betri ikiisha. Mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland zikatoa notisi ya kujitoa kwenye Mkataba wa Ottawa. Sina haki ya kuwahukumu kutoka kwenye kochi langu. Wana jirani wanayemwogopa, na sababu zao wamezieleza. Ila katika mabishano yote niliyosoma, swali huwa ni bomu litakaa hai siku ngapi. Siku 15, siku 90, miaka. Kama vile tatizo la mtego ni umri wake. Bomu linalokaa hai kwa saa nne tu, katika saa hizo nne, halijui doria kutoka kwa mchuma kuni.

Mama sikumweleza kisa cha wale wawili. Nilimwambia tu, tulipozungumza tena, kwamba mtego wetu una mtu ndani yake, hauingii kila mtu. Akauliza mtu huyo analala saa ngapi.

Daftari la zamu halikuruhusiwa kutoka kambini, kwa hiyo sina nakala, lakini mstari mmoja naukumbuka kwa sababu sajini aliniita niusome kwa sauti. Ulikuwa wa usiku wa nane. Namba tatu ilikuwa imeita mara sita. Waangalizi walikuwa wameona vivuli viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, ukungu ukafunga, ukafunguka, ukafunga. Tulikaa dakika 52. Mwishowe niliandika saa, namba ya chombo, kisha: kulungu, jike na mtoto, wamekwenda mashariki. Kwenye safu ya mwisho, inayouliza ni nani aliyeamua, niliandika jina langu, na kwa kuwa mkono ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaliwa, halisomeki vizuri.